Kabla ya kubomoa ukuta: kuitafuta ramani ya awali ya nyumba ya zamani

Fundi akiingia kwenye nyumba ya zamani, hukawii kumwona akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio. Ukilia wazi, atasema huu ni wa kugawa vyumba tu, unatoka bila shida. Mara nyingi anakuwa sahihi. Balaa liko kwenye zile mara chache ambazo ukuta huo mwepesi ndio uliokuwa ukizishika boriti za ghorofa ya juu pale zinapoungana, au ndani yake limepita bomba kuu la maji machafu tangu nyumba ilipojengwa. Sikio halisikii hayo. Ramani ya awali, ikipatikana, huyaonyesha kwa mstari mmoja.

Na mara nyingi hupatikana, ila si pale ambapo watu huanza kutafuta. Wengi huandika anwani ya nyumba kwenye intaneti, wanakuta picha ya paa kutoka angani, basi wanakata tamaa. Ukweli ni kwamba ramani za nyumba za kawaida hazikuchorwa ili mwenye nyumba aje azitazame miaka 80 baadaye. Kila karatasi ilichorwa kwa haja ya mtu fulani: ofisi ya afya ilitaka kujua maji machafu yataelekea wapi, kampuni ya bima iliogopa moto, mtoza kodi alitaka ukubwa wa eneo, fundi alitaka kujua mlango unakaa wapi. Ukishajua nani alikuwa na haja gani, unajua pa kubisha hodi. Unajua pia karatasi utakayopewa itakuwa kimya kuhusu nini, na hilo ndilo watu wengi hulisahau.

Namba ya kiwanja kwanza, anwani baadaye

Majina ya mitaa hubadilika, namba za nyumba hupangwa upya, kiwanja kimoja hukatwa viwili. Kinachodumu zaidi ni namba ya kiwanja kwenye hati miliki, kwa hiyo anza hapo. Fuatilia hati hizo kurudi nyuma, kutoka kwa mmiliki wa sasa hadi yule aliyejenga, na uandike majina yote unayoyakuta. Kibali cha ujenzi cha zamani aghalabu kimeandikwa kwa jina la aliyekiomba, si kwa mtaa. Karani mwenye rejista ya majina mkononi atakusaidia mara moja ukimtajia jina na mwaka; ukimtajia anwani ya leo atakutazama tu.

Mwaka wa kujengwa nao una hila yake. Ule ulioandikwa kwenye kumbukumbu za kodi mara nyingi ni wa kukadiria, umezungushwa hadi mwaka wenye sifuri mwishoni, au ni mwaka ambao nyumba ilikaguliwa kwa mara ya kwanza. Upime kwa ushahidi mwingine: tarehe ambayo maji au umeme viliunganishwa, picha za angani za miaka tofauti, na vitu vyenyewe vilivyomo ndani. Inua mfuniko wa tangi la choo cha zamani utazame upande wa chini, kwani viwanda vingi vilipiga mhuri wa tarehe pale au ndani ya tangi. Tarehe hiyo ni ya choo, si ya nyumba, lakini inakuambia bafu liliguswa lini. Magazeti yaliyotandikwa chini ya zulia la plastiki au kusokotwa kwenye nyufa za madirisha nayo hutoa ushahidi mzuri, na husomeka kwa raha kuliko hati yoyote ya ardhi.

Kwa nini kuhangaika na mwaka? Kwa sababu ndio unaokuambia ni kabati lipi lifunguliwe. Kibali cha ujenzi wa awali kina faili lake, na kila ukarabati uliofuata ukaombewa kibali una lake. Mtu akiomba ramani ya nyumba bila kutaja miaka, hupewa karatasi ya mwisho iliyoingia, pengine ya upenu ulioongezwa juzijuzi, akaondoka nayo akidhani ndiyo nyumba nzima.

Ofisi ya vibali na faili lake

Mahali pa kwanza pa kwenda ni ofisi ya manispaa au halmashauri inayotoa vibali vya ujenzi. Michoro iliyowasilishwa zamani inaweza kuwa imehamishiwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya mji au ya mkoa, imepigwa picha kwenye filamu ndogo, au imetupwa kwa utaratibu rasmi baada ya miaka kadhaa. Uliza maswali yote matatu. Jibu la kwamba hatunazo hapa si sawa na kusema hazipo.

Uingereza inatoa mfano mzuri wa jinsi haja ya ofisi inavyotawala mchoro. Sheria ya Afya ya Umma ya 1875 iliziwezesha mamlaka za mitaa kutunga kanuni za ujenzi na kudai michoro iwasilishwe kabla nyumba mpya haijaanza. Nia kubwa ilikuwa afya: vyoo, mitaro, hewa. Ndiyo maana ukiifungua michoro ya namna hiyo kwenye hifadhi za nyaraka za kule, unaweza kuona mstari wa mtaro umechorwa kwa uangalifu kutoka chooni hadi barabarani, ilhali juu ya unene wa boriti za sakafu hakuna neno. Anayetaka kuhamisha choo amepata dhahabu. Anayetaka kutoa ukuta bado yuko gizani.

Ukilipata faili, usichukue ukurasa wenye vyumba peke yake. Seti kamili huwa na ramani ya msingi, ramani ya kila ghorofa, mwonekano wa pande zote nne, mchoro wa mkato unaoipasua nyumba kutoka paa hadi msingi, na wakati mwingine karatasi za maelezo ya vifaa. Mchoro wa mkato ndio wa thamani kuliko yote kwa mtu anayekarabati, nao ndio unaoachwa mara nyingi kwa sababu hauvutii macho. Humo ndimo unaona boriti zimekaa juu ya nini, msingi umeshuka kiasi gani, na kama kuna zege chini ya sakafu au ni udongo ulioshindiliwa. Karatasi za maelezo ya vifaa nazo usizidharau hata kama zimechakaa. Zikitaja asbesto kwenye dari au kwenye vifuniko vya mabomba, umeokoa mapafu ya watu. Uingereza ilikamilisha marufuku ya asbesto mwaka 1999, na Marekani ilipiga marufuku rangi ya nyumba yenye madini ya risasi mwaka 1978, kwa hiyo nyumba iliyosimama kabla ya hapo iwekwe kwenye kundi la kupimwa kwanza.

Tazama pia kisanduku kilicho pembeni ya karatasi, chini kulia. Kina jina la mchoraji, tarehe, skeli, namba ya karatasi, na safu ya marekebisho. Kwa mfano, karatasi ikisema ni namba 3 kati ya 7, unajua bado una sita za kudai. Faili likitaja marekebisho ya herufi A, B na C, na safu ya nakala yako inaishia A, basi umeshika nyumba ambayo mwenyewe alibadilisha mawazo mara mbili zaidi kabla haijajengwa. Jina la mchoraji nalo linafungua mlango mwingine. Wasanifu majengo hufa, ofisi zao hurithiwa, na michoro yao huishia kwenye vyuo vikuu, makumbusho au vyama vya taaluma. Taasisi ya Kifalme ya Wasanifu Majengo ya Uingereza, iliyoanzishwa London mwaka 1834, ina hazina kubwa ya michoro, na Maktaba ya Bunge la Marekani ina mkusanyo wa majengo ya kihistoria yaliyopimwa na kuchorwa upya tangu mwaka 1933. Lakini usijipe matumaini makubwa huko ikiwa nyumba yako ni ya kawaida. Hazina za namna hiyo huhifadhi zaidi majengo ya watu mashuhuri na kazi za wasanifu mashuhuri.

Kuna miji ambako utafutaji hugonga mwamba mapema. Moto wa Chicago wa 1871 na tetemeko la San Francisco la 1906, pamoja na moto uliofuata, viliteketeza kumbukumbu nyingi za serikali. Kwa nyumba iliyojengwa kabla ya maafa ya namna hiyo, ruka ofisi uende kwenye vyanzo vingine.

Karatasi za watu wa bima, kodi na katalogi

Kampuni ya Sanborn ya Marekani ilianza mwaka 1867 kuchora ramani za miji kwa ajili ya bima ya moto. Mkaguzi alipita mtaa kwa mtaa akaandika kila jengo limejengwa kwa nini, lina ghorofa ngapi, na paa lake ni la aina gani. Rangi kwenye ramani ndizo zinazosema: waridi ni tofali, njano ni mbao, buluu ni mawe. Uingereza ilipata ramani za aina hiyo kupitia Charles Goad kuanzia miaka ya 1880. Vyumba vya ndani vya nyumba ya kawaida huvikuti humo, maana moto haujali jiko liko upande gani wa sebule. Faida yake ni nyingine: ukiweka ramani za miaka mitatu au minne tofauti pamoja, unaiona nyumba ikikua. Hapa kuna baraza la nyuma, miaka kadhaa baadaye baraza limekuwa chumba, kisha chumba kimepata ghorofa. Sasa unajua kwa nini sakafu ya chumba cha nyuma iko chini kidogo kuliko ya mbele, na kwa nini ukuta kati yao ni mnene: ulikuwa ukuta wa nje. Na ukuta uliowahi kuwa wa nje uuheshimu, kwa sababu karibu hakika bado unabeba kitu.

Kadi ya mthamini wa kodi huwa na mchoro mdogo wa mkono wenye vipimo vya nje na ukubwa wa eneo. Itumie kukagua vipimo vyako, si zaidi.

Nyumba za kuagizwa kwa katalogi ni habari nyingine, na kwa mpenda upelelezi ndizo tamu kuliko zote. Kati ya mwaka 1908 na 1940 kampuni ya Sears, iliyouza bidhaa kwa katalogi, iliuza Marekani nyumba zinazokadiriwa kuwa 70,000 hadi 75,000, zikasafirishwa kwa treni zikiwa mbao zilizokwisha kukatwa. Kumbukumbu za mauzo yenyewe zilipotea, lakini katalogi zipo, na kila ukurasa una picha ya nyumba, ramani ya vyumba na vipimo. Kutambua nyumba ya namna hiyo kunaanzia chini ya sakafu au juu ya dari: boriti zilipigwa mhuri wa herufi na namba karibu na ncha, ili mjengaji ajue ipi inakwenda wapi. Washindani wao Aladdin, wa Bay City, Michigan, wana bahati nzuri zaidi. Kumbukumbu zao zimehifadhiwa katika Maktaba ya Clarke ya Chuo Kikuu cha Central Michigan. Hata hivyo wanunuzi wengi waliomba mabadiliko, wakageuza ramani upande wa kulia kuwa kushoto au wakaongeza dirisha, kwa hiyo ukurasa wa katalogi ni mwanzo wa mazungumzo na nyumba, si mwisho wake.

Hata mahali ambako hakukuwa na katalogi, wajengaji walipenda kurudia. Mtu aliyejenga nyumba nane mtaani mara nyingi alitumia ramani moja au mbili. Tembea utazame nafasi za madirisha, mteremko wa paa na dohani. Ukiiona pacha ya nyumba yako, bisha hodi. Jirani anaweza kuwa na karatasi unayoihangaikia, au awe na nyumba ambayo haijaguswa, na hiyo ni ramani iliyosimama. Angalia tu kama imegeuzwa kama kwenye kioo, kwa sababu mabomba nayo yatakuwa yamegeuka.

Kuisoma karatasi bila kudanganyika

Zile karatasi za buluu zenye mistari myeupe zilitokana na mbinu iliyogunduliwa na John Herschel mwaka 1842. Zinafifia kwenye mwanga na haziipendi karatasi iliyotiwa alkali, kwa hiyo usiitundike ukutani kwa fahari ukiipata. Ipige picha ukiwa umeilaza, na usiipitishe kwenye mashine yenye magurudumu kama imekauka na kukatika pembeni.

Kuna jambo la kiufundi ambalo limewaumiza wengi. Karatasi hizo zilioshwa kwa maji wakati wa kutengenezwa, zikasinyaa, na si lazima zisinyae sawa kwa urefu na kwa upana. Nakala za mashine nazo hupunguzwa ili zienee. Mchoro wa karatasi ya A1 ukichapishwa kwenye A3, kila mstari umekuwa nusu ya urefu wake, ilhali pembeni bado pameandikwa skeli ileile ya zamani. Kwa hiyo fuata namba zilizoandikwa, usipime mchoro kwa rula. Pasipo na namba, chukua kipimo kimoja unachokifahamu, kama upana wa nyumba kwa nje, ukitumie kukokotoa vingine, na hata hapo uviite makisio.

Namba zenyewe nazo zina enzi zake. Amerika ya Kaskazini, mbao ya mbili kwa nne ya leo ikishapigwa randa hubaki inchi 1.5 kwa 3.5. Kwenye nyumba ya zamani ya kule unaweza kuikuta imetimia inchi 2 kwa 4. Anayechomeka mbao mpya kando ya ya zamani bila kulijua hilo atapata ukuta wenye tumbo.

Lakini mtego mkubwa kuliko yote ni kuiamini ramani kupita kiasi. Ramani iliyoombewa kibali inaonyesha nyumba iliyokusudiwa. Baadaye mwenye nyumba aliishiwa fedha akafuta chumba kimoja, fundi alikuta mwamba akasogeza msingi, mbao ndefu hazikupatikana boriti zikaungwa katikati. Ni mara chache mtu alirudi ofisini kurekebisha mchoro. Kisha wakaja wamiliki wanne au watano, kila mmoja na fundi wake, wengine wakiwa na kibali na wengine wakifanya kazi Jumapili.

Pamoja na hayo, ofisi inaweza kukukatalia nakala au kukuruhusu kutazama tu, hata kama nyumba ni yako hati na ufunguo. Mchoro wa msanifu ni kazi yenye hakimiliki. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unazilinda ramani za majengo kama unavyozilinda kazi za sanaa, kwa kawaida maisha yote ya mchoraji na angalau miaka 50 baada ya kufa kwake. Baadhi ya ofisi pia huficha michoro kwa hofu ya wezi. Barua ya ruhusa kutoka kwa mchoraji au warithi wa ofisi yake, pamoja na hati ya umiliki, mara nyingi hulegeza jambo.

Ramani isipopatikana, nyumba ndiyo ya kuulizwa

Hata ikipatikana, bado itabidi upime. Futikamba au kipimo cha leza, daftari na mtu wa pili vinatosha kuanzia. Pima kila chumba urefu na upana, halafu pima kona kwa kona. Vyumba vya zamani haviko mraba, na bila kipimo cha mshazari utachora nyumba iliyonyooka ambayo haipo. Pima unene wa kila ukuta pale mlangoni, ambapo unaonekana.

Kisha jumlisha. Chukua nyumba yenye upana wa mita 9.60 kwa nje. Ndani kuna vyumba viwili vinavyokaa sambamba, kimoja mita 3.60 na kingine 4.20. Kuta mbili za nje zina sentimita 23 kila moja, wa katikati una 15. Jumla ni mita 8.41. Mita 1.19 zimekwenda wapi? Hazijapotea. Kati ya vyumba hivyo kuna nafasi iliyozibwa: dohani la zamani, ngazi iliyofunikwa, au kabati ambalo mlango wake ulipigwa plasta. Kama ni dohani, na lile la juu ya paa lilishavunjwa, kuna tani za matofali zimesimama kimya katikati ya nyumba, na mtu aliyetaka kufungua ukuta pale apate jiko kubwa inabidi afikirie upya. Kikokotoo cha simu kimefanya kazi ambayo nyundo ingeifanya kwa hasara.

Mwelekeo wa boriti za sakafu unasomeka kwa misumari. Mbao za sakafu hulazwa kuzikatiza boriti, na misumari hufuata mstari wa boriti iliyo chini. Misumari ikienda mashariki na magharibi, boriti ziko hivyohivyo. Ukuta unaozikatiza boriti karibu na katikati ya urefu wake, hasa kama kuna ukuta mwingine juu yake au nguzo chini yake, uuchukulie kuwa unabeba mpaka mhandisi aseme vingine. Ukuta unaokwenda sambamba na boriti una uwezekano mdogo zaidi wa kubeba, lakini hata huo si wa kuutolea hukumu kwa macho. Nyumba hutitia kadiri miaka inavyopita. Ukuta uliojengwa kama pazia tu unaweza kuwa umelemewa na boriti zilizopinda, ukawa nguzo bila mtu kukusudia.

Kwa yaliyobaki, tundu dogo la kipenyo cha kidole na kamera ya waya hukuonyesha ndani ya ukuta bila kubomoa. Chemba za maji machafu nje ya nyumba, zikifunuliwa huku mtu akimwaga maji bafuni, huonyesha bomba lipi linaingia wapi.

Mwishowe chora ramani moja mpya, kila mstari kwa rangi ya chanzo chake: nyeusi kwa ulichokipima mwenyewe, buluu kwa kilichotoka kwenye mchoro wa zamani, nyekundu kwa unachokisia. Karatasi hiyo ndiyo ya kumpelekea mhandisi. Atapita haraka kwenye nyeusi, ataziuliza buluu maswali, na tundu la kwanza la ukaguzi atalitoboa kwenye nyekundu.